Kumuenzi Profesa bila kumwomba bati: uchambuzi wa kisa

Watu waliosoma pamoja miaka ya sitini katika shule moja ya vijijini wilayani Lushoto, Tanzania, wanataka kumpa mwenzao heshima angali hai. Mwenzao huyo ni profesa. Ameongoza chuo kikuu cha umma akiwa Makamu Mkuu wa Chuo, akastaafu na jina safi, na sasa ana umri wa miaka sabini na ushei. Kisa ni cha mfano. Kimejengwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kamati za namna hii, kwa hiyo mtu, kijiji na chuo havitajwi, na bei ni za makadirio. Taratibu na historia zinazotajwa ndani yake ni za kweli.

Kundi la WhatsApp lina watu 41. Waliokaa naye darasani na bado wako hai ni 11 tu, na saba kati ya hao hawatumii simu janja. Wengi kwenye kundi ni wadogo zao, watoto wa marehemu na wenyeji wa kijiji wanaoishi Tanga na Dar es Salaam. Hili ndilo jambo la kwanza kulitazama kabla ya kuchangisha hata shilingi: wanaoandika kila siku kwenye kundi si marafiki wa utotoni, na wengi wa marafiki wa utotoni hawamo kwenye kundi. Kamati ikichaguliwa mtandaoni tu, sherehe itakuwa ya watoto wa marafiki, na wenye kumbukumbu watapangiwa viti vya nyuma ya hema.

Mpango wa kwanza ulikuwa hivi. Ukumbi Dar es Salaam, watu 300, waziri awe mgeni rasmi, Profesa akabidhiwe ngao ya kioo, kisha isomwe risala ya wananchi. Risala iliandikwa mapema kuliko kitu kingine chochote, na ukurasa wake wa pili ulibeba maombi: bati 120 za shule, kisima, na "utuunganishe na wafadhili ili tupate gari la wagonjwa". Walioiandika hawakuwa na nia mbaya. Ndivyo risala zinavyoandikwa nchini kwetu: sifa, mafanikio, changamoto, maombi. Mtu aliyezoea kuandika risala ya mwenge au ya ziara ya mbunge ataifuata njia hiyo hata kwenye sherehe ya rafiki yake.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Mtu anayeombwa mbele ya watu siku ya kuheshimiwa hajaheshimiwa. Ameitwa kulipa. Profesa mstaafu ana pensheni. Bajeti ya chuo hana tena, ufunguo wa stoo ya serikali hana. Akitoa ahadi mbele ya kipaza sauti ataitekeleza kwa mfuko wake au itamsumbua mpaka mwisho. Akikaa kimya, atasemwa. Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka: kila sifa iliyotangulia inageuka kuwa utangulizi wa ombi. Ukisema "tangu utoto alikuwa na huruma" halafu aya inayofuata inataja bati, huruma yake umeifanya hoja ya madai.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa kamati, ulioandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kutiwa saini, ulikuwa sentensi moja: siku hiyo hakuna ombi lolote litakalosomwa, kuimbwa wala kudokezwa, na mwenyekiti wa kijiji ataambiwa hivyo mapema kwa mdomo. Shida za shule zitapitia kwa mwalimu mkuu na halmashauri kama siku zote.

Kitu ambacho chuo hakiwezi kumpa

Chuo kina njia zake za kumheshimu kiongozi: cheo cha Profesa Emeritus (profesa mstaafu wa heshima), shahada ya heshima, picha kwenye ukumbi wa Baraza, jina kwenye jengo. Jina la jengo la chuo hupitia vikao hadi Baraza la Chuo, na kamati ya kijiji haina kiti humo. Ndivyo ilivyo kwa taasisi kubwa zote. Pius Msekwa, mwana wa Ukerewe aliyekuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana ukumbi wenye jina lake Dodoma kwenye viwanja vya Bunge, alikokuja kuwa Spika. Uliitwa hivyo na taasisi aliyoiongoza, na hapo ndipo jina kama hilo linapotokea.

Wenzake wa shuleni wana kitu kingine. Wao ndio mashahidi pekee wa miaka ambayo hakuna wasifu rasmi unaoijua. Wasifu wa chuo huanza na shahada ya kwanza. Ukurudi nyuma sana unataja sekondari. Kipindi cha kabla ya hapo, yaani njia ya shule, mwalimu wa darasa la pili, nani aliyemwazima daftari, kimo kwenye vichwa vya watu 11, na kila mwaka vichwa hivyo vinapungua. Zawadi ya maana ilikuwa kukikusanya kipindi hicho, kukiandika, na kumkabidhi. Sherehe ingeifuata zawadi hiyo.

Hapa historia inahitajika, la sivyo vijana kwenye kamati hawataelewa wazee wanazungumzia nini. Miaka hiyo mtoto alisoma darasa la kwanza hadi la nne, akafanya mtihani, na wachache tu ndio waliovuka kwenda shule ya kati (darasa la tano hadi la nane). Kutoka hapo mlango ulizidi kuwa mwembamba. Takwimu alizotoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967 zinaonyesha kwamba mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Kufikia 1967 walikuwa 25,000, na kidato cha sita 830. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa bado chuo kishiriki, kwenye jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano, kikahamia Mlimani mwaka 1964.

Darasa la nne la 1963 katika kisa hiki lilikuwa na watoto 31. Waliovuka ni watatu. Waliobaki 28 hawakushindwa kwa uvivu. Nafasi hazikuwapo, na baadhi yao, hasa wasichana, walifaulu lakini hawakupelekwa. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akishika namba moja. Leo ni bibi wa miaka zaidi ya sabini, analima karoti na kabichi, na ndiye aliyekaa dawati moja na Profesa miaka miwili. Mpango wa kwanza wa Dar es Salaam haukuwa na nafasi yake hata moja.

Kumuuliza mwenyewe

Kamati nyingi hupenda kumshtukiza mwenye sherehe. Kwa mtu wa umri huu na wadhifa huu hatushauri. Ana vikao vya bodi, ana kliniki, ana mke ambaye ndiye anayeshika ratiba halisi. Tena ana mambo ya utotoni ambayo asingependa yasemwe.

Walitumwa watu wawili: mzee mmoja kati ya wale 11 na kijana mmoja wa kuandika. Hawakupiga simu kuuliza. Walipiga simu kuomba siku ya kumtembelea, wakaenda. Maswali yalikuwa sita na yaliandikwa: tunaweza kukufanyia hili? wapi? nani lazima awepo? jambo gani lisiguswe? tukuiteje mbele ya watu? afya inaruhusu kukaa kwa muda wa saa ngapi? Majibu yalibadilisha mpango mzima. Alitaka kijijini. Alitaka sherehe isichukue zaidi ya muda wa saa nne. Goti halipandi ngazi, kwa hiyo jukwaa lifutwe, meza kuu iwekwe chini sawa na viti vya wengine. Jambo lisiloguswa lilikuwa kifo cha mdogo wake mwaka wa njaa. Kuhusu jina alisema wale 11 wamwite kwa jina la shuleni, wengine waite wanavyopenda.

Jibu hilo la jina linamaliza mvutano ambao huleta ubaridi mkubwa kwenye hafla. Rafiki wa utotoni akilazimishwa na mshereheshaji kusema "Mheshimiwa Profesa" kila sentensi, anapoteza sauti yake na kuanza kusema kama mtumishi. Akimwita jina la utani bila idhini, wageni wa chuo wanaweza kuona amevunja adabu. Ukiwa na idhini, mshereheshaji anaitangaza mwanzoni kwa sentensi moja na kila mtu anatulia.

Wadhifa nao uandikwe sawasawa. Mkuu wa Chuo ni cheo cha juu cha heshima. Mwendeshaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili Julai 1970 Mkuu wa Chuo alikuwa Nyerere, na Msekwa ndiye aliyekaa ofisini. Kiongozi wa ndaki au chuo kishiriki huitwa Rasi. Bango la mita nne likiandikwa "Mkuu wa Chuo Mstaafu" litapigwa picha, litafika chuoni kabla ya jioni, na mwenye sherehe ndiye atakayeona aibu. Kabla ya kuchapa, maandishi yalipelekwa kwa barua pepe kwenye ofisi ya mawasiliano ya chuo, yakarudi na sahihisho moja. Joho halikuvaliwa. Joho ni vazi la maandamano ya kitaaluma, na kulivaa uwanjani bila chuo kuhusika ni kuazima heshima ya watu wengine.

Kukusanya kumbukumbu

Kazi hii ilichukua wiki tisa na ndiyo iliyostahili muda kuliko zote. Kijana mmoja mwenye simu nzuri alimtembelea kila mzee nyumbani kwake. Dakika 20 hadi 30, si zaidi, kwa sababu baada ya hapo mzee huanza kumfurahisha mgeni badala ya kukumbuka. Kuuliza "Profesa alikuwa mtoto wa namna gani?" huleta jibu moja kutoka kwa kila mtu: alikuwa mpole, mwenye bidii, mcha Mungu. Hayo ni maneno ya msibani. Maswali yaliyozaa matunda yalikuwa ya vitu: Mlipita njia gani? Nani alitembea mbele? Mlikula nini mchana? Aliandikia nini? Aliwahi kupigwa kwa kosa gani? Nani alikuwa anamshinda hesabu?

Swali hilo la mwisho ndilo lililomtoa bibi wa dawati. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemtaja.

Kumbukumbu za miaka sitini iliyopita hugongana. Watatu walisema alianza shule 1959, wanne 1960. Rejista ya uandikishaji ndiyo mwamuzi, lakini shule nyingi za milimani zilikuwa za misheni kabla ya Sheria ya Elimu ya 1969 kuziweka chini ya serikali, kwa hiyo vitabu vya zamani huenda visiwe kabatini kwa mwalimu mkuu. Vitafutwe pia usharikani au parokiani. Hapa vilipatikana usharikani, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa, lakini mwaka wa 1960 unasomeka. Jambo ambalo halikuthibitishwa na rejista wala na mashahidi wawili wasio ndugu liliandikwa kwa jina la aliyelisema, "anavyokumbuka fulani", au likaachwa. Hadithi kwamba alikuwa wa kwanza miaka yote minne iliachwa. Si kweli, na bibi yuko hai.

Kwa mfano wa jinsi maandishi yalivyobadilika, hii ni aya ya rasimu ya kwanza ya kitabu:

"Profesa ni kiongozi mnyenyekevu, mchapakazi na mwadilifu ambaye tangu utotoni alionyesha kipaji cha pekee na upendo kwa watu wote."

Hii ni aya iliyochapwa, kutokana na maneno ya bibi:

"Masika ya 1963 mto ulichukua daraja la miti. Tulikuwa tunavukia juu kwenye mawe. Yeye alikuwa mfupi, maji yalimfika kifuani, basi daftari lake nilibeba mimi. Siku moja likaniponyoka. Hakulia. Usiku alikuja nyumbani kwetu na kibatari, tukanakili daftari langu lote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mama akatuzimia taa."

Aya ya kwanza inaweza kuwekwa jina la mtu yeyote. Ya pili ni ya hawa wawili tu, na ndani yake bidii, unyenyekevu na upendo vinaonekana bila kutajwa. Aliyefanya kazi ya kuhariri aliambiwa aache maneno ya wazee yalivyo, akate marudio tu, na asiongeze sifa.

Kitabu kilikuwa na kurasa 48, nakala 60, jalada gumu kwa nakala mbili pekee: ya Profesa na ya shule. Nyuma kuna orodha ya watoto wote 31 wa darasa hilo, marehemu wakiwa na alama. Kabla ya kuchapa, kila mzee alisomewa sehemu yake kwa sauti na kuweka saini au dole gumba. Wawili walifuta sentensi. Kusomewa kwa sauti ni lazima, kwa sababu baadhi hawaoni vizuri na hawatasema kwamba hawaoni.

Fedha

Ahadi zilifika shilingi 12,300,000. Wiki tatu kabla ya siku, zilizoingia benki zilikuwa 8,200,000, yaani theluthi mbili. Uwiano huo si wa kushangaza. Panga kwa theluthi mbili tangu mwanzo, na bajeti itengenezwe kwa kilichomo kwenye akaunti. Kamati inayoagiza mahema kwa ahadi huishia kumpigia simu Profesa usiku wa kuamkia sherehe.

Michango isipitie namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Akifariki, akiugua au simu ikiibwa, fedha zinageuka ugomvi wa familia. Ilifunguliwa akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Benki ilitaka katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuchagua viongozi na barua ya utambulisho, na kupata hayo kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii kulichukua wiki nne. Taarifa ya akaunti ilipigwa picha na kuwekwa kwenye kundi kila Jumatatu.

Matumizi: chakula na vinywaji 2,400,000, mahema, viti na vyombo vya sauti 900,000, usafiri wa wazee 450,000, kitabu 900,000, picha na video 500,000, rafu na vitabu vya shule 1,800,000, dharura 650,000. Zilibaki 600,000.

Wazo la mfuko wa ufadhili lenye jina la Profesa liliahirishwa, na ni vyema kueleza kwa nini, kwa kuwa kila kamati hulitamani. Mfuko wa milioni sita ukipata faida ya asilimia 8 kwa mwaka utatoa 480,000, sawa na watoto wanne kwa 120,000 kila mmoja, bila mtaji kukua hata kidogo dhidi ya kupanda kwa bei. Nao unahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), hesabu za kila mwaka, na watu watakaokuwa hai miaka ishirini ijayo. Tena ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo "kulipia ada" si hitaji tena. Hitaji ni sare, madaftari, chakula cha mchana na vifaa vya bweni. Mfuko unaobeba jina la mtu mwadilifu ukikauka mwaka wa tatu, au fedha zake zikiliwa, doa linabaki kwa mwenye jina. Ni heri rafu tatu za vitabu zilizokamilika.

Siku yenyewe

Lushoto mvua za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Ilichaguliwa Jumamosi ya Agosti: baridi ipo lakini barabara ni kavu. Kutoka Mombo kupanda Lushoto kuna lami yenye kona nyingi, kilomita zipatazo 33, kisha vumbi mpaka kijijini. Wazee wa nje walifika Ijumaa. Kalenda ya Ramadhani na ya mikutano ya usharika iliangaliwa kwanza, kwa sababu milima hii ina Waislamu na Walutheri wengi katika familia moja. Dua na sala zote zilikuwepo, dakika tatu kila moja, na mchinjaji alikuwa Mwislamu ili sufuria liwe moja kwa wote.

Walioalikwa walikuwa 180. Kijijini chakula hakina kadi, kwa hiyo kilipikwa cha watu 240: mchele kilo 30 (kilo moja kwa watu wanane), nyama kilo 60 pamoja na mifupa. Wale 11 na wake au waume zao walihudumiwa kwanza, wakiwa wamekaa. Hili liliandikwa kwenye ratiba ya wahudumu. Lisipoandikwa, wa kwanza kula ni meza ya viongozi na kamera.

Sasa suala la mgeni rasmi. Kwa itifaki yetu mgeni rasmi hukaa katikati, huingia mwisho, huzungumza mwisho, na kila mzungumzaji humwelekea yeye. Ukimweka mkuu wa wilaya au waziri kwenye kiti hicho, mwenye sherehe anakuwa wa pili kwenye sherehe yake, na ratiba inasubiri msafara. Kamati ilimwandikia mkuu wa wilaya barua ya mwaliko kama mgeni mwalikwa, ikieleza wazi kwamba sherehe haina mgeni rasmi, na nakala ikaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Barua ya kutumia uwanja ilikwenda kwa mwalimu mkuu kupitia afisa elimu kata, na taarifa ya mkusanyiko kwa mtendaji wa kijiji na polisi kata. Ukieleza mapema kwa maandishi na kwa adabu, hakuna anayeona amedharauliwa. Ukikaa kimya, mtu wa itifaki atafika asubuhi na kupanga viti upya.

Utambulisho ndio unaokula muda. Ukiachwa uende wenyewe unafika dakika 40. Ulipangiwa kumi: mshereheshaji mmoja, orodha moja iliyoandikwa, watu wasimame kwa makundi.

Nani azungumze kwa niaba ya marafiki? Mchangiaji mkubwa, mfanyabiashara aliyetoa milioni moja na nusu, alitarajia nafasi hiyo, na wengi kwenye kundi walikubali. Lakini aliingia darasa la kwanza miaka sita baada ya Profesa kuondoka. Mwenyekiti alimwendea ana kwa ana, akamwomba akabidhi vitabu kwa shule, kazi yenye heshima yake kamili na picha yake. Nafasi ya kuzungumza ilikwenda kwa bibi wa dawati. Hakuwahi kushika kipaza sauti, na hotuba iliyoandikwa na mtu mwingine ingemfunga ulimi. Basi haikuandikwa. Alikaa kwenye kiti kando ya Profesa, mjukuu wake akamshikia kipaza sauti, na mshereheshaji akamuuliza maswali matatu aliyokuwa ameyajua wiki nzima: mlikaaje darasani, daftari lilipotea vipi, na ungependa kumwambia nini leo. Dakika tisa.

Jibu la tatu alilitunza mwenyewe, na kamati haikuomba kulisikia kabla. Alisema: "Daftari langu ulilinakili. Mtihani tulifanya wote. Ulikokwenda ulifika na kwangu pia." Mtu wa kamati anayeogopa kauli kama hii ataikata kwenye maandalizi, akihofia kwamba inamkumbusha mgeni bahati yake. Asiikate. Kumheshimu aliyevuka kwa kuwaficha ambao hawakuvushwa ni kusema uongo mbele ya watu wanaoujua ukweli, na yeye ni wa kwanza kuujua.

Baada ya hapo mtoto wa darasa la nne alisoma majina 31 ya rejista kwa mpangilio wa rejista yenyewe, la Profesa likiwa la 17. Aliyekuwa hai na yupo aliitika. Dakika nne. Kisha kitabu kikakabidhiwa na wote 11 kwa pamoja, na Profesa akazungumza wa mwisho.

Yaliyokwenda kombo

Mambo mawili. Jenereta ilizima katikati ya kusoma majina, kwa sababu fundi alijaza lita tano badala ya kumi akidhani sherehe itaisha saa sita. Kipaza sauti cha kushika mkononi chenye betri, kile cha mikutano ya kijiji, kiwekwe chini ya meza kila mara. Kilikuwepo, na majina yaliendelea.

La pili ni zito zaidi. Diwani, ambaye hakuwa kwenye kikao kilichoweka sentensi ile ya kwanza, alisimama kwenye salamu na kuomba "Profesa atukumbuke kwenye bati". Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameambiwa, yeye hakuambiwa. Mshereheshaji alimshukuru, akasema mambo ya shule yatapokelewa na mwalimu mkuu siku ya kazi, akaendelea. Kosa lilikuwa la kamati: kila mtu anayepewa kipaza sauti, hata kwa salamu ya dakika moja, aambiwe mwenyewe na kwa jina lake.

Wiki iliyofuata vitabu 210 na rafu viliandikwa kwenye leja ya mali ya shule, kila kitabu kikiwa na muhuri, na nakala ya ukurasa huo wa leja ikapelekwa kwa Profesa. Hesabu kamili, pamoja na stakabadhi, ziliwekwa kwenye kundi ndani ya siku kumi. Shilingi 600,000 zilizobaki ziliachwa kwenye akaunti, na ahadi zilizolipwa kwa kuchelewa zikaongezwa hapo, kwa uamuzi wa kikao kwamba zinunue sare na madaftari ya wasichana wa darasa la saba wanaokwenda kidato cha kwanza Januari, bila jina la mtu yeyote kuandikwa juu yake.